Mwaka wa Kutofunga Bachang

Mwaka ule Pi-yun alipokatazwa kufunga bachang, mimi nilitamani kumzaba mtu kibao, tatizo sikujua nimzabe nani. Hakuna aliyemkataza kwa jina. Ni desturi. Nyumba yenye matanga haifungi bachang, zile pembetatu za wali wa kunata na nyama ndani ya majani, mwaka mzima, na nyumba yao ilikuwa na matanga kwa sababu mama mkwe wake, Bi Yu-yeh, alifariki mwezi wa kwanza, taa za sherehe zikiwa bado zinaning'inia hekaluni. Sikukuu ya mwezi wa tano ilipokaribia, kila jiko la uchochoro wetu likaanza kunukia majani ya mianzi yanayochemshwa, isipokuwa la kwao. Wafiwa huletewa. Majirani wanaleta, binamu wanaleta, na binti wa marehemu aliyeolewa ndiye mwenye wajibu mkubwa kupita wote. Mfiwa kazi yake ni kupokea na kula.

Mtu mwingine angefurahia kupumzika. Kazi ya bachang si ndogo. Uloweke mchele wa kunata, usugue majani moja moja kwa brashi, ukaange vitunguu, uandae viini vya mayai, upike nyama ya nguruwe kwenye sosi ya soya mpaka ilegee, kisha ukae kwenye kigoda ukifunga pembetatu baada ya pembetatu mpaka kiuno kiwake moto, na hapo bado hujachemsha. Lakini Pi-yun hakutaka kupumzika. Tangu alipoolewa kwenye nyumba ile, msichana mwembamba asiyejua hata kuwasha jiko lao, alikuwa akisugua, akiloweka na akifunga. Kitu kimoja tu hakuwahi kuruhusiwa, nacho ni kukoleza nyama.

Siku ya kukoleza alikuwa anatumwa sokoni. Kila mwaka kulikuwa na kitu kimesahaulika. Mara uduvi, mara karanga, mara uyoga mkavu ambao Pi-yun mwenyewe alikuwa ameuona kabatini asubuhi ile. Akirudi anatweta, sufuria imeshafunikwa na mzee amekaa kando yake anajipepea, uso mkavu kabisa.

"Mama, leo ulianza na sukari au na sosi?"

"Mwakani nitakuonyesha."

Hiyo mwakani ilikuja ikapita, ikaja ikapita, na mwishowe Bi Yu-yeh akaondoka nayo. Ndiyo maana nasema nilitamani kumzaba mtu. Marehemu hazabiki.

Mimi naitwa Lu-ying, ni fundi cherehani, na meza yangu ya kukatia nguo inatazamana na mlango wa jiko lao. Baba yangu alikuwa askari aliyevuka maji kutoka Shantung huko bara, kwa hiyo kwetu tulikuzwa kwa mikate ya mvuke na tambi nene. Bachang nimejifunza ukubwani, na mpaka leo zangu hazisemeki. Lakini kula najua. Za Bi Yu-yeh nimezila miaka mingi, na ingawa mzee yule nilikuwa simpendi sana, kwa bachang nilimvulia kofia. Watu walikuwa wanatoka hekaluni wanazungukia uchochoro wetu kwa kisingizio cha kumjulia hali, na hali yenyewe wanaiuliza huku macho yako jikoni.

Siku moja, sikukuu ikiwa imekaribia, Pi-yun alikuja dukani kwangu akakaa kwenye stuli ya wateja bila hata kusalimia.

"Dada Lu-ying, ladha inanitoka mdomoni."

"Ladha gani tena?"

"Ya mama. Baada ya mazishi nilikuwa bado naisikia hapa." Akagusa ubavu wa ulimi kwa kidole. "Sasa nikiitafuta naikuta ya zile bachang za binamu wa mume wangu, zenye ufuta."

"Pole. Zile zinaweza kukusahaulisha hata jina lako."

"Sitanii. Mpaka matanga yaishe nitakuwa sina cha kuiga. Nitasimama mbele ya sufuria na chumvi mkononi, sijui naenda wapi. Halafu watu watasema, unaona, mzee kafa na bachang za nyumba ile zimekufa. Na watakuwa wamesema kweli."

Hapo ndipo nilipoelewa kilichokuwa kinamla. Si kwamba alitaka sifa. Aliwahi kuniambia kwamba sikukuu ya kwanza baada ya matanga kuisha angetaka kuweka mbele ya picha ya Bi Yu-yeh bachang zilezile, bila tofauti hata ya punje ya chumvi, ili mzee mwenyewe aone kwamba pamoja na kutumwa sokoni miaka yote, mkwewe alikuwa ameweza. Sasa desturi ilikuwa inamshika mikono wakati huohuo ulimi unasahau.

"Si upike tu," nikamwambia. "Funga mlango."

"Na harufu ya majani niifungie wapi? Kwenye cherehani yako?"

Kweli. Majani ya mianzi yakishika moto, uchochoro mzima unajua.

Basi akapata njia ya kupenya. Desturi inakataza kufunga, haikatazi kupika nyama ya nguruwe. Akanunua nyama yenye mafuta na ngozi yake, akakaanga vitunguu vidogo vyekundu mpaka vikawa rangi ya kahawia, akamimina sosi, sukari ya mawe, uyoga, uduvi. Bila majani, bila uzi. Sufuria ya nyama tu, kama ya siku yoyote. Akapakua juu ya wali na kumwekea mume wake.

Ching-shui ni fundi wa pampu kwenye mabwawa ya samaki, mtu mpole, hanywi, hapigi kelele, mshahara anauleta nyumbani. Sina ubaya naye. Lakini siku ile nilikuwa nimeenda kumpelekea suruali niliyompunguza kiuno, nikamwona kwa macho yangu anavyotafuna. Alitafuna taratibu, akatazama dari, akameza.

"Tamu," akasema.

"Lakini?" akauliza Pi-yun.

"Lakini nini? Nimesema tamu."

"Umesema tamu kwa sauti ya lakini."

Ching-shui akaweka vijiti vyake chini. "Kuna kitu kinapungua."

"Kitu gani?"

"Sijui. Kitu."

"Chumvi? Sukari? Pilipili manga?"

"Hapana, si hivyo. Ni kile... ya mama ilikuwa na kile kitu." Akazungusha mkono hewani kama anayetafuta swichi gizani. "Wewe hukioni?"

Mimi niliiweka ile suruali kwenye kiti nikaondoka, maana ningekaa dakika moja zaidi ningelivunja lile bakuli. Kitu! Mtu mzima, ulimi mzima, anasema kitu.

Akapika tena. Akaongeza anisi ya nyota. Kinapungua. Akapika tena, safari hii akakaanga sukari kwanza mpaka ikayeyuka ikawa nyekundu. Ching-shui akasema sasa amekaribia, halafu akafikiri, akasema hapana, ile ya kwanza ndiyo ilikuwa imekaribia. Nilimsikia Pi-yun kutoka ng'ambo ya uchochoro akiuliza ile ya kwanza ilikuwaje basi, na mume wake akijibu kwamba nayo ilikuwa na kitu kinapungua. Mlango wa jiko ukafungwa kwa kishindo. Wiki nzima ikawa hivyo. Kijana wa bucha akaanza kumuuliza kama wamefungua mgahawa.

Huku nyuma bachang za watu zikawa zinamiminika. Za binamu, zenye ufuta. Za jamaa wa hekaluni, zisizo na nyama. Za mke wa fundi mwenzake Ching-shui, mchele haujaiva katikati. Nami nilipeleka zangu, zimefungwa shada moja, ningefanyaje, jirani ni jirani. Pi-yun alizipokea kwa mikono miwili, akalipima shada.

"Dada, hizi ni za kula au za kujengea?"

"Chemsha tu, maneno baadaye."

"Nitazichemsha. Nikimaliza nitakuletea unikatie, wewe si ndiye mwenye mkasi."

Alicheka, lakini hazikupita sekunde nyingi akawa amelengwalengwa na machozi. Akaketi kwenye ngazi ya jiko na shada langu mapajani.

"Unajua kinachoniuma? Mwaka jana tu, mama alipolazwa kabla ya sikukuu. Za humu ndani alikuwa ameshazipika, zilibaki za wifi wa Taipei. Nikapika mwenyewe, tangu mwanzo mpaka mwisho, hakuna wa kunituma sokoni. Unakumbuka hata uzi uliniishia?"

Nilikumbuka. Alikuja mbio, mikono ina mafuta, anataka kamba, na mimi nikampa kibonge cha uzi mnene wa bluu ninaoshonea mikoba ya shule.

"Nikampelekea moja hospitali," akaendelea. "Ching-shui alikuwa amelala kwenye kiti. Mama akala nusu, akatafuna weee. Mimi nimesimama pale kama mtu anayengoja hukumu. Unajua alisema nini? 'Zinalika.' Basi. Zinalika! Hata chakula cha mahabusu kinalika. Halafu akasema nizitume Taipei, nimwambie Yueh-chiao zimetoka kwake kama kawaida, asije akajua mama yake anaumwa. Nikafanya hivyo. Niliona haya hata kufunga lile boksi."

"Ulionja mwenyewe?"

"Nilionja. Nilikuwa nimechoka, sikusikia kitu. Na baada ya 'zinalika' ningeonja niseme nini?"

Mimi nikamtukana marehemu kimoyomoyo, na jioni yake nikaenda kuchoma ubani hekaluni kuomba radhi, kwa sababu mimi ni mwoga wa mambo hayo.

Sasa yule wifi. Yueh-chiao ni dada yake Ching-shui, anaishi Taipei, anafanya kazi ya bima, na jikoni kwake anaingia kuchukua maji. Kwa kuwa ndiye binti aliyeolewa, wajibu wa kuileta sikukuu kwenye nyumba ya msiba ulikuwa wake. Pi-yun alijua kabisa atakachokileta. Atapita dukani karibu na stesheni anunue zile za kaskazini, ambazo kwetu huku kusini tunasema ni wali wa kukaanga uliovalishwa majani. Angeziweka mezani, na shada la nyumba ile, nyumba ambayo watu walikuwa wanazungukia uchochoro kwa ajili yake, lingekuwa la stesheni.

"Na mimi nitakula," Pi-yun akasema, "na nitasema ni tamu."

Siku ya sikukuu wakanialika. Mimi ni mjane, mwanangu yuko mbali, na Pi-yun hakutaka kukaa peke yake katikati ya watoto wawili wa Bi Yu-yeh. Hakusema hivyo, lakini alinijia mapema akaniambia nisichelewe.

Yueh-chiao aliingia mchana na boksi kubwa la kuhifadhia joto. Ana moyo mzuri yule mwanamke, ila ana sauti ya kuuza bima. Akalia kidogo mbele ya picha ya mama yake, akajifuta, akamshika Pi-yun mabega.

"Wifi, umekonda! Kaka, humlishi?"

"Yeye ndiye anayepika," akasema Ching-shui.

"Basi anapika vibaya. Natania, wifi. Haya, njooni muone nilichowaletea. Mlidhani nitanunua, eh? Sema kweli, wifi, ulidhani nitanunua."

"Mimi? Hata!" akasema Pi-yun.

Yueh-chiao akafungua boksi. Ndani mlikuwa na bachang, majani yamefifia kidogo, zimetoka kwenye mvuke asubuhi ileile na kufungwa kwenye taulo.

"Ni za mama," akasema, na sauti ya bima ikamwisha. "Za mwaka jana. Alinitumia nyingi, nikaziweka kwenye friza. Alipofariki zilikuwa zimebaki hizi. Kila nilipozidiwa nilikuwa natoa moja, nakula, nalia, nalala. Nilipofikiria nitaleta nini, nikasema hapana, hizi zilizobaki tule pamoja."

Halafu Ching-shui, mtu wa desturi, akakuna shingo.

"Inaruhusiwa?"

"Nini?"

"Nyumba hii hairuhusiwi bachang zake."

"Hairuhusiwi kufunga," nikaingilia mimi. "Hizi zimefungwa kabla ya msiba. Na zimeletwa na binti aliyeolewa. Unataka nini kingine, muhuri?"

Akaridhika. Wakaziweka kwanza mbele ya picha, wakachoma vijiti vya ubani, wakangoja viishe kuungua. Pi-yun alikuwa amesimama nyuma ya wote mikono imeshikana tumboni. Nilijua anangoja nini. Ladha aliyokuwa anaikimbilia tangu msimu wa baridi ilikuwa imekuja yenyewe mpaka mezani. Angeonja mara moja tu, na safari hii angeishika.

Tukakaa. Ching-shui akafungua yake, akauma pembe, akafika kwenye nyama, akaacha kutafuna. Machozi yakaanza kumtoka hapohapo, mtu ambaye kwenye mazishi alikuwa anahangaikia viti vya wageni.

"Hii ndiyo," akasema. "Yueh-chiao, hii ndiyo."

"Nilikwambia!"

"Mkono wa mama huu. Hakuna mwingine." Akamgeukia mke wake, kwa upendo kabisa, na hicho ndicho kilichoniudhi zaidi. "Onja hapa, karibu na kiini cha yai. Umeisikia? Hicho ndicho kinachopungua kwenye zako."

Mimi nilikuwa bado sijafungua yangu. Niliivuta karibu, nikatafuta fundo, na vidole vyangu vikalijua kabla macho hayajafika. Nimeushika uzi ule maisha yangu yote. Mnene, umepakwa nta, wa bluu iliyoiva, wa kushonea mikoba ya shule. Nikatazama sahani ya Ching-shui. Bluu. Ya Yueh-chiao, bluu. Wote wawili walikuwa wameufungua wakautupa pembeni bila hata kuutazama.

Nikainua macho kwa Pi-yun. Yeye hakuwa ameonja. Alikuwa ameushika uzi wake kwa vidole viwili, ameunyoosha mbele yake, na uso umemkauka. Aliniona namwona. Akatikisa kichwa kidogo sana, kwamba niache.

Na mimi ningeacha. Nawaambia kweli, nilitia wali mdomoni ili niache. Lakini Ching-shui akasema tena, "Kitu kile, unaona, hakifundishiki," na wali ukanipalia.

"Uzi huu ni wangu," nikasema.

"Nini, dada?"

"Uzi huu. Wa mikoba ya shule. Mama yenu alikuwa anafunga kwa kamba nyeupe za pamba tangu nimjue. Huu nilimpa Pi-yun mimi, kwa mkono wangu, mwaka jana, mama yenu akiwa hospitali. Hizi bachang amezipika mkeo. Zote. Mama yenu hakushika hata jani."

Yueh-chiao aliiangalia bachang yake kama vile imemsemesha.

"Si kweli," akasema. "Wifi, si kweli. Uliniambia zimetoka kwa mama."

"Ndivyo alivyoniambia nikwambie," akasema Pi-yun. "Hakutaka ujue anaumwa."

"Kwa hiyo miezi yote hii... Mimi nimekuwa namlilia mama na bachang yako?"

"Sikujua kama unazilia."

"Mbona hukuniambia baadaye? Kwenye mazishi? Wakati wowote?"

"Ningekwambia nini?" Sasa sauti ya Pi-yun ilianza kupanda, na katika miaka yote sikuwahi kuisikia ikipanda mezani. "Ningekwambia samahani, zile mbaya zilikuwa zangu? Maana mimi nilidhani ni mbaya! Alisema zinalika. Nimekaa mwaka mzima na zinalika yake hapa kooni."

Ching-shui alikuwa bado ana nyama shavuni, hajui aimeze au afanyeje.

"Lakini," akasema polepole, "hii si sawa na ulizopika juzi."

"Ni sawa."

"Kulikuwa na kitu..."

"Ching-shui, ni sawa! Ile ya kwanza, kabla hujanitia wazimu nikaweka anisi, niliikoleza hivihivi. Sosi ileile, sukari ileile, mkono huuhuu. Siku ile nilikuwa nakimbilia hospitali, sikupima kitu, nilikoleza kama mkono ulivyoenda. Na juzi hivyohivyo."

"Labda ni majani. Majani yanaongeza harufu."

"Labda ni jina la mama yako," akasema Pi-yun. "Na lenyewe linaongeza."

Akavuta sahani yake, akauma, akatafuna. Tukamtazama. Nilikuwa nangoja uso wake ufunguke, afurahi, maana alichokuwa akikitafuta alikuwa nacho siku zote. Haukufunguka. Alimeza akaweka vijiti chini.

"Sasa ya mama yenyewe ilikuwaje?" akauliza. "Kuna anayejua hapa?"

Yueh-chiao akafunika uso kwa mikono. Mimi nami nilijaribu kuitafuta kichwani, bachang ya Bi Yu-yeh mwenyewe, ya kamba nyeupe, na nikapata hiihii niliyokuwa nayo mdomoni. Nilijisikia vibaya sana. Mzee mkali vile, ameondoka na sufuria yake iliyofunikwa, na wanawe wote wawili hawakuona tofauti.

Nikataka kumliwaza. "Pi-yun, sikiliza. Yule mzee alikuwa anajipenda. Asingekubali jina lake liende Taipei kwa binti yake mwenyewe likiwa juu ya kitu cha aibu. Alikula, akaona inafaa kuitwa yake. Hiyo ndiyo sifa yako."

"Sifa gani hiyo ya kufichwa?" Alisimama. "Mdomo alikuwa nao, dada. Wa kunituma sokoni alikuwa nao. Alishindwa nini kusema?"

Akachukua bachang moja iliyobaki, bado imefungwa, akaenda nayo mbele ya picha. Bi Yu-yeh pale ukutani amekaza midomo, kama kawaida yake. Pi-yun akaiweka chini ya picha na kuugeuza uzi wa bluu uelekee mbele.

"Mama, zinalika?" akamuuliza. Akasimama kidogo kama anayengoja. Mabega yakamshuka, akalia, na alilia kwa hasira, akijipiga paja kwa ngumi. Yueh-chiao akainuka akaenda kusimama kando yake. Hawakushikana, lakini walisimama pamoja mpaka kilio kikamwisha.

Walipokaa tena chakula kilikuwa kimepoa. Yueh-chiao ndiye aliyeanza kula. Alikula mpaka mwisho, akaokota punje kwenye majani.

"Wifi," akasema bila kuinua macho, "nikizidiwa tena mwakani, nitakuwa sina kitu kwenye friza."

Pi-yun akakusanya majani matupu. "Matanga yakiisha nitafunga. Njoo siku mbili kabla. Lakini hutakaa sebuleni. Utasimama pale, kando ya sufuria, uone kila ninachokitia. Na mimi sifichi sufuria kwa mgongo."

"Mimi sijui kupika hata yai."

"Ndiyo maana utasimama."

Ching-shui, ambaye alikuwa amekaa kama mtoto aliyevunja kikombe, aliona hapo ndipo pa kujirudi. Akasafisha koo.

"Na mimi nitasaidia," akasema. "Nipe kazi yoyote. Nitasugua majani."

"Hapana," akasema Pi-yun. "Wewe siku ya kukoleza utakwenda sokoni."

"Sawa. Nikanunue nini?"

"Kile kitu kinachopungua."